Saa 30 barabarani hadi Dar: Nilivyofunzwa kuomba chai

Ukitaka kumtambua mtu aliyetoka Nairobi akaingia Tanzania leo, usiangalie viatu vyake wala mkoba wake. Msikilize akiagiza chai.

Atasema, "Nipe chai." Hapo hapo mama anayeuza ataacha kumimina, amtazame kidogo, kisha aulize kwa upole: "Mkenya?"

Najua kwa sababu mtu huyo nilikuwa mimi. Ilikuwa usiku wa manane, kando ya barabara, basi letu limezimika, simu yangu imekufa, na kesho yake saa nne asubuhi nilikuwa na miadi ya kazi katika mji ambao sikuwahi kukanyaga. Wacha nikusimulie toka mwanzo. Huenda nawe unapanga safari kama hii, na kuna mambo ningependa mtu angeniambia kabla sijapanda.

Mpango ulikuwa safi kwenye karatasi

Kwanza ujue nilikuwa naenda kufanya nini. Niliacha chuo mwaka wa pili. Sikufukuzwa wala sikufeli, ni karo tu ililimbikizana hadi nikaona aibu kupita mbele ya ofisi ya uhasibu. Tangu hapo naandika mtandaoni, kwa Kiswahili, habari za mtaa. Watu wakiniuliza nafanya nini, nasema naandika. Wakiniuliza naandikia nani, hapo mazungumzo huishia.

Sasa siku moja nikapata ujumbe kutoka kwa mfanyabiashara wa vitenge pale Kariakoo, Dar es Salaam. Wateja wake wengi wako Nairobi, na alitaka mtu wa kumwandikia matangazo ya mtandaoni ambayo Mkenya atayasoma hadi mwisho. Alikuwa amesoma vitu vyangu. Lakini hakutaka kumpa kazi mtu ambaye hajamwona uso. Tukapatana Jumanne, saa nne asubuhi, dukani kwake.

Nilikuwa nimesota vibaya. Nauli nilipewa na Mathe. Yeye ni fundi wa nguo, na zamu yake ya chama ilikuwa imefika. Pesa hizo alikuwa amezitengea cherehani mpya. Alinihesabia noti mezani, akasema, "Nenda. Cherehani haitoroki." Maneno hayo nilisafiri nayo njia nzima.

Nikakata tikiti ya basi la Jumatatu, saa kumi na mbili asubuhi. Nairobi hadi Dar ni karibu kilomita 900 kwa barabara, yaani karibu mara mbili ya safari ya Mombasa. Hesabu yangu ilikuwa hivi: nifike saa nne usiku, nilale gesti, niamke nioge, niingie Kariakoo nikiwa fiti.

Basi liliondoka saa moja na nusu. Kuna mizigo ya mtu ilikuwa inangojewa. Sikujali. Saa moja na nusu ni nini kwa safari ya siku nzima?

Mmoja akikwama, mmekwama wote

Namanga tulifika saa nne na nusu. Ikiwa hujawahi kupita hapo, mpaka wenyewe hautishi. Tangu Desemba 2018 kuna kituo cha pamoja, hivyo unagongewa muhuri wa kutoka Kenya na wa kuingia Tanzania katika jengo moja. Mimi nilimaliza upesi. Nikarudi ndani ya basi nikajiona msafiri wa kimataifa.

Lakini basi halisafiri na wewe peke yako. Abiria mmoja hakuwa na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Mwingine alikuja na kitambulisho tu akidhani mambo ni kama kwenda Uganda. Wa tatu alikuwa na maboksi kwenye buti ambayo hakuwa amemwambia mtu yeyote yana nini. Tukakaa. Jua likapanda. Wauza shanga wakatuzunguka hadi wakatuzoea. Tuliondoka saa saba.

Ukivuka, kitu cha kwanza utakachokiona ni mwendo. Kila penye makazi kuna kibao cha 50, na dereva anakiheshimu kweli kweli. Askari wa barabarani wamevaa sare nyeupe safi, wamesimama chini ya miti. Sisi vijana wa Nairobi tulioketi nyuma tulianza kelele: "Dere, kanyaga mafuta, si tunalala njiani!" Hakuna Mtanzania hata mmoja aliyetuunga mkono.

Mama aliyeketi kando yangu ndiye aliyenieleza. Alikuwa na umri wa nyanya yangu mdogo, akirudi kwao kutoka Kayole alikokwenda kumtazama binti yake aliyejifungua. Akaniambia mabasi ya huko yanafuatiliwa kwa mitambo na mamlaka ya usafiri, dereva akizidisha mwendo anajulikana. "Kwa hiyo mwanangu, ukimpigia kelele unamsumbua bure tu. Atakusikiliza wewe au atasikiliza faini?"

Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba sikuwa nimemsalimia tangu Nairobi. Neno langu la kwanza kwake lilikuwa "Sogea."

Arusha tulifika saa tisa alasiri, Moshi saa kumi na moja. Nilikuwa nimejiandaa kupiga picha Mlima Kilimanjaro. Ulikuwa umejifunika mawingu gubigubi kama mtu asiyetaka kuamshwa. Baada ya hapo unapita na milima ya Upare kushoto kwako kwa muda mrefu sana. Giza lilitukuta kabla ya Same. Kisha Mombo, Korogwe, Segera, majina niliyoyasoma tu kwenye vibao vilivyomulikwa na taa za basi.

Miaka michache tu iliyopita tungelazimika kulala mjini mahali fulani, kwa sababu Tanzania ilikuwa imepiga marufuku mabasi kusafiri usiku kucha. Marufuku hiyo iliondolewa mwaka 2023. Kwa hivyo tulikuwa na ruhusa ya kuendelea, ila klachi haikuwa na habari hiyo.

Usiku wa Mkata

Ilikuwa saa sita na nusu usiku, tumepita kidogo tu mji mdogo wa Mkata, kati ya Segera na Chalinze. Kulikuwa na harufu ya kitu kuungua, basi likapunguza mwendo, likajikokota hadi kando ya barabara, kimya. Utingo akaruka nje akaweka matawi ya miti barabarani kuwaonya madereva wengine. Ukiona matawi, msee, jua hamtoki hivi karibuni.

Tulishuka. Mimi na vijana wenzangu wa Nairobi tukamzunguka dereva. Nilikuwa mbele kabisa. "Buda, sisi tumelipa! Tunafika saa ngapi? Mbona mnatubeba na gari bovu?" Dereva alinitazama, akafuta mikono yake kwa kitambaa, akaingia chini ya basi. Hakunijibu hata neno moja.

Baada ya muda yule mama akamwendea. "Pole, dereva. Pole na kazi. Imekuwaje?" Huyo dereva akatoka chini ya gari akamweleza kila kitu. Klachi imeisha. Pale hakuna spea. Amempigia mwenye gari. Kuna basi jingine linaweza kutumwa kutoka Dar lakini si kabla ya alfajiri, na bado hawajakubali kulitoa. Yaani habari yote niliyokuwa naililia, alipewa yeye kwa "pole" moja.

Wacha nisikudanganye lakini. Usidhani somo ni kwamba Wakenya tuna kelele na wenzetu wana hekima, basi. Kulikuwa na jamaa mmoja wa Umoja ambaye hakulala. Alichukua namba ya ofisi kutoka kwa utingo akaanza kupiga. Saa saba. Saa nane. Saa tisa. Akikatiwa, anapiga tena. Akiambiwa "tunalishughulikia", anauliza, "Limetoka? Namba zake za usajili ni zipi? Dereva wake anaitwa nani?" Saa kumi usiku wakampa namba za basi. Yule mama akatikisa kichwa, akasema, "Nyie Wakenya mkishika jambo hamliachi. Sisi tungesema pole hadi jioni."

Kwa hiyo pale kando ya barabara tulihitajiana. Wao walijua namna ya kumfanya mtu aseme. Sisi tulijua namna ya kumfanya atende.

Na chai? Mama mmoja wa pale karibu alisikia sauti, akaja na jiko, sufuria na mihogo ya kuchemsha. Ndipo niliposema "Nipe chai" nami nikaulizwa kama ni Mkenya. Yule jirani yangu wa basi akacheka gizani. "Mwanangu, sema naomba. Hakupunguzii kitu." Nikasema naomba. Nikapewa chai, na kipande cha muhogo ambacho sikuwa nimelipia. Sijui kama ni kwa sababu ya neno hilo au kwa sababu nilionekana nimechoka. Baadaye kulipoingia baridi ya alfajiri, alitoa khanga kwenye mfuko wake akanifunika bila kuuliza.

Sikupata usingizi. Nilikuwa nahesabu. Saa nne asubuhi nitakuwa hapa hapa Mkata. Mtu atafungua duka lake, ataangalia saa, atasema: hawa ndio vijana wa Nairobi. Na Mathe ataendelea kushona na cherehani inayokata uzi kila baada ya mshono.

"Huyu ni mdogo wako?"

Simu yangu ilikuwa imekufa tangu Same. Bahati yangu Mathe ni mtu wa zamani. Alinilazimisha niandike namba ya yule mfanyabiashara kwenye daftari. Nikamwomba jirani yangu simu yake nitume ujumbe. Ilikuwa saa kumi usiku. Akasema, "Ngoja kupambazuke. Usimwamshe mtu usiku kwa shida ambayo hawezi kukutatulia."

Saa kumi na mbili asubuhi akanipa simu. Nikaandika: "Sasa. Basi imeharibika, niko Mkata. Tusukume hadi mchana."

Kabla sijatuma akaomba aone. Akasoma, akaniuliza, akiwa makini kabisa: "Huyu ni mdogo wako?"

Nikasema hapana, ni mtu anayetaka kunipa kazi. Akavaa miwani. Tukaandika upya, yeye akisema, mimi nikibonyeza. Habari za asubuhi, kaka. Samahani kwa usumbufu. Mimi ni yule mwandishi wa Nairobi, natumia simu ya jirani yangu safarini. Basi letu limeharibika Mkata tangu usiku na tunasubiri jingine. Sitaweza kufika saa nne kama tulivyopatana. Naomba, kama itawezekana, nije alasiri. Ukiona haiwezekani, nitaelewa.

Unaona alichobadilisha? Hata ile "basi imeharibika" yangu ikawa "basi limeharibika", bila yeye kunikosoa kwa sauti. Mimi ndiye mwandishi wa Kiswahili, na ujumbe muhimu kuliko yote niliyowahi kutuma ulihaririwa na nyanya gizani kando ya barabara.

Jibu lilikuja saa moja. Pole sana na safari. Nipo dukani hadi saa kumi na moja. Ukifika karibu.

Basi jingine lilifika saa mbili na nusu. Chalinze, mizani, Mlandizi, Kibaha. Saa saba na nusu mchana tukaingia kituo cha mabasi cha Magufuli, Mbezi. Saa 30 kamili tangu tuondoke Nairobi.

Mji usiobadilisha lugha mlangoni

Ukishuka Mbezi, joto ndilo litakalokupokea. Nairobi tuko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari. Dar iko ufukweni kabisa, na hewa yake ni nzito, imelowa. Dakika tano tu, shati limeshikana na mgongo. Jaketi niliyokuwa nayo nikaifunga kiunoni na sikuigusa tena hadi siku ya kurudi.

Jambo la pili: kituo hicho, kilichozinduliwa Februari 2021, kiko mbali na katikati ya mji, zaidi ya kilomita 20. Usidhani umefika. Nilipanda daladala hadi Kimara, kisha mwendokasi, yale mabasi marefu yenye barabara yake katikati ya barabara. Yalianza kazi mwaka 2016. Magari mengine yamesimama kwenye msongamano huku sisi tunapita, nami nikakumbuka Thika Road tulivyochorewa mstari mwekundu mwaka 2018, kisha tukaendelea kupanda matatu zetu.

Ni mji mkubwa, usiingie ukidhani unaenda mashambani. Sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 5.3 Dar. Nairobi sensa ya 2019 ilitupa milioni 4.4 hivi. Sisi ndio wadogo.

Lakini kilichonigusa zaidi si ukubwa. Ni Kiswahili. Najua unasema, kwani ulitarajia Kichina? Ngoja. Kwetu Nairobi, ukiingia benki unabadilisha lugha mlangoni. Ukiongea na daktari, ukiomba kazi, ukitaka kuonekana umesoma, unavaa Kiingereza kama koti. Kiswahili ni cha matatu, cha soko, cha polisi. Mtu aliyeacha chuo kama mimi anajua vizuri jinsi watu wanavyokusikiliza wakitafuta pale Kiingereza chako kitakapokatika.

Dar sikuona mlango huo. Ndani ya mwendokasi kulikuwa na jamaa wawili waliovaa tai wakibishana kuhusu mkopo wa nyumba, kwa Kiswahili, na istilahi zake zote. Muuza duka la dawa alimweleza mgonjwa jinsi dawa inavyofanya kazi mwilini, kwa Kiswahili. Kwa mara ya kwanza tangu niache chuo, sikuwa na wasiwasi wa kusikika kwamba sikumaliza.

Wasiwasi wangu ukawa mwingine kabisa. Hapa kila mtu alinisikia kwamba Kiswahili chenyewe ni cha Nairobi. Nilimwomba mama lishe chapo madondo, akanitazama kama nimetaja ugonjwa. Chapati na maharage. Nikauliza mahali pa kuchaji simu, nikasema "stima", kijana akafikiria, kisha akasema, "Ahaa, umeme." Na ukiona kibao kimeandikwa kiti moto, usikae ukingoje kuhojiwa kama kwenye runinga. Ni nyama ya nguruwe.

Kariakoo na ndugu yake Kariokor

Nilifika Kariakoo saa tisa na nusu. Kama unajua Gikomba na Eastleigh, ziunganishe, ongeza joto, punguza matusi. Mikokoteni, maboksi, vitambaa vimening'inia hadi ghorofa ya tatu. Mtu akitaka upishe anasema "samahani" huku akikusukuma. Anakusukuma vile vile, lakini amesema.

Jina lenyewe tunalo nyumbani. Kariakoo ya Dar na Kariokor ya Nairobi zote mbili zinatokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Waafrika walibebeshwa risasi na chakula cha jeshi kwa miguu katika vita dhidi ya Wajerumani, na makumi ya maelfu hawakurudi makwao, wengi wakiuawa na magonjwa na njaa. Nilikuwa nimelalamika usiku kucha kuhusu klachi. Nilipokumbuka jina hilo, nilinyamaza.

Yule mfanyabiashara alikuwa kijana kuliko nilivyodhani. Alinipa kiti, akaniagizia maji baridi, akaniuliza habari za nyumbani, za Mathe, za njia. Dakika kumi nzima bila kutaja kazi. Mimi miguu inatetemeka chini ya meza. Kisha akasema, "Ujumbe wako wa asubuhi ulikuwa mzuri sana. Nilishangaa. Haukufanana na vitu unavyoandika."

Ningeweza kudanganya. Nilikuwa nimechoka mno. Nikamwambia ukweli, kwamba uliandikwa na mama mmoja ndani ya basi, na kwamba wangu ungesema nini. Akaomba nimtajie huo wangu. Nikamtajia. Akacheka hadi akashika kaunta.

Kisha akanipa simu yake na picha ya kitenge. "Niandikie tangazo."

Nikaandika: "Kitenge mpya zimeingia. Bei ya jumla. Nairobi tunatuma."

Akasoma. "Kwanza ni vitenge vipya vimeingia. Pili, hii ni kavu kama tangazo la polisi. Salamu iko wapi? Karibu mteja iko wapi?"

Hapo moyo ulishuka. Lakini nikakumbuka jamaa wa Umoja na simu zake za usiku. Nikamwambia, kwa heshima: kaka, ngeli umenikosoa na nakubali, nitarekebisha. Ila mteja wako wa Nairobi anasoma hili tangazo akiwa amening'inia kwenye matatu. Ukimsalimia mistari mitatu, atakuwa ameshuka kabla hujamtajia bei. Matangazo yako ni mazuri, lakini Nairobi wanayapita kwa sababu bei iko chini kabisa. Weka bei juu. Karibu iwe mwishoni.

Alikaa kimya. Akafungua ukurasa wake, akatazama matangazo yake mwenyewe moja baada ya jingine. Kisha akasema, "Kwa hiyo niandike mawili. Moja la huku, moja la kwenu."

Nikamwambia ndiyo. La huku nitahitaji alihariri yeye.

Alinipa mwezi mmoja wa majaribio, kwa malipo ya kila tangazo. Pesa si nyingi, na usidhani nimehamia ghorofani. Mwezi huo uliisha, ukafuatwa na mwingine, na bado namwandikia. Kila mwezi namrudishia Mathe kidogo. Tumefika nusu ya cherehani.

Kabla hujapanda hilo basi

Ikiwa nawe unapanga kwenda, nisikilize kwa makini hapa.

Usiweke miadi asubuhi ya kesho yake. Safari ndefu ya basi ipe siku nzima ya ziada, ikiisha salama uitumie kulala. Beba pasipoti au hati ya muda ya kusafiria. Kitambulisho pekee hakitakuvusha Namanga. Kadi ya homa ya manjano itafute mapema, uiweke mahali pamoja na pasipoti, si chini ya buti.

Beba pawabenki, lakini andika namba muhimu kwenye karatasi. Badilisha pesa kidogo ya kula njiani, na usishtuke ukiambiwa chakula ni maelfu; siku niliyosafiri, shilingi moja yetu ilikuwa karibu 20 za kwao. Beba maji na leso, hata kama ni Januari.

Msalimie jirani yako mkiwa bado Nairobi. Mkubwa wako mwambie shikamoo, na usubiri marahaba. Gari likiharibika, mwambie dereva pole kwanza, kisha muulize. Na ikiwa una rafiki anayeweza kupiga simu ofisini usiku kucha bila kuchoka, msafiri naye.

Siku niliyorudi Nairobi nilishuka mjini alfajiri, nikaenda kwa yule jamaa wa kibanda ninayemjua miaka mitatu. Nikaketi, nikamwambia, "Habari za asubuhi, kaka. Naomba chai."

Akaacha kumimina. Akanitazama toka juu hadi chini. "Kwani leo huna pesa?"